Weka Kidole Kilwa: Namna ya Kuvijua Visiwa vya Tokelau Ukiwa Nyumbani

Chukua ramani ya dunia, iwe ile ya ukutani au ya kwenye atlasi ya mwanao. Tafuta Kilwa, pwani ya kusini ya Tanzania, uweke kidole hapo. Uko nyuzi 9 kusini ya ikweta. Sasa kipeleke kidole mashariki, usipande wala usishuke. Utaivuka Bahari ya Hindi yote, utapita chini kidogo ya Java, utagusa Sumba na Timor, utakata kusini mwa Papua Guinea Mpya, utafika Guadalcanal katika Visiwa vya Solomon, utapita katikati ya Tuvalu, kisha utavuka longitudo ya 180. Ukiwa umekwenda kama kilomita 16,000 utafika Nukunonu, kisiwa cha katikati cha nchi iitwayo Tokelau. Huenda ramani yako haikionyeshi. Chukua penseli utie nukta mwenyewe, kisha utie nyingine mbili: Atafu upande wa kaskazini-magharibi, na Fakaofo upande wa kusini-mashariki.

Nimefundisha jiografia miaka mingi, na visiwa vya mbali tulivifundisha kwa orodha: mji mkuu, idadi ya watu, mazao, dini. Mtoto anaikariri Jumatatu, Ijumaa imeshamtoka. Tokelau haina mji mkuu, kwa hiyo orodha inakatika kwenye mstari wa kwanza, na ndiyo sababu napenda kuanza nayo. Njia ninayoieleza hapa imenisaidia kuingiza kisiwa kichwani mwa mtu ambaye hatakifikia maishani. Mahitaji yake ni ramani, sinia, kamba ya shanga, maharage ya kutosha na jioni mbili tatu.

Anza na jina. Tokelau maana yake ni upepo wa kaskazini. Mtu wa pwani yetu alifikirie hilo kidogo: kuna watu upande wa pili wa dunia ambao nchi yao inaitwa Kaskazi. Wazungu walipopita walitia majina yao. John Byron aliiona Atafu mwaka 1765 akaiita kwa jina la mtu wa ukoo wa kifalme wa kwao, na Edward Edwards akafanya hivyo hivyo kwa Nukunonu mwaka 1791. Majina hayo utayakuta kwenye ramani za kale. Yaandike pembeni, lakini ukitaja mahali, taja kwa jina la wenyeji. Siku hizi mtu akikuuliza habari za mahali usipopajua, muulize kwanza wenyeji wanapaitaje, kwa kuwa jina la mwenyeji mara nyingi limebeba habari ambayo jina la mpita njia halina.

Baada ya jina, lione umbo. Weka sinia mezani, ulijaze maji kidogo, kisha ulaze juu yake kamba ya shanga katika mduara uliolegea, shanga nyingine zimesogeana, nyingine zimeachana. Hiyo ndiyo atoli. Zamani palikuwa na mlima wa volkano uliotokeza baharini, matumbawe yakaota kuuzunguka. Mlima ukazama polepole, matumbawe yakaendelea kukua kulifuata jua. Ukabaki mduara wa mwamba, na ndani yake ziwa la maji chumvi lililotulia. Maelezo haya aliyatoa Charles Darwin mwaka 1842 na yamesimama mpaka leo. Kila ushanga ni kisiwa kidogo cha mchanga na vipande vya matumbawe, na watu hawakai kwenye kila ushanga. Fakaofo, kwa mfano, kwa muda mrefu watu wote walikaa kwenye kisiwa kimoja kidogo kiitwacho Fale, nyumba zimebanana kama Mji Mkongwe, mpaka miaka ya 1960 kijiji cha pili kilipoanzishwa kwenye kisiwa jirani cha Fenua Fala.

Sasa toa vipimo, lakini kila kimoja kiwe na kitu cha kukishikia. Nchi kavu ya atoli zote tatu ukiijumlisha ni takriban kilomita za mraba 12; Unguja peke yake ni zaidi ya mara mia ya hapo. Mahali palipoinuka kuliko pote ni kama mita 5 juu ya bahari, chini ya kimo cha mnazi wa kawaida. Halafu geukia maji ya kwenye sinia: eneo la bahari linalohesabiwa kuwa la Tokelau ni karibu kilomita za mraba 319,000, sawa na theluthi moja ya Tanzania. Mwanafunzi akiuliza iwapo nchi hii ni ndogo au kubwa, mwache abaki na swali hilo. Mvuvi wa Atafu angelijibu tofauti na mtu wa ofisini.

Kuanzia hapa ushauri wangu ni huu: usiulize kisiwa kina nini, uliza mtu anaamkaje huko na anaifikishaje siku jioni. Swali la kwanza ni maji. Hakuna mto, hakuna kijito, na maji matamu yaliyo chini ya mchanga ni utando mwembamba unaoelea juu ya maji ya chumvi. Watu hutegemea mvua inayoangukia paa la bati na kushuka kwa michirizi hadi kwenye tangi. Zamani walichonga mashimo kwenye mashina ya minazi ili yakinge mvua. Mwaka 2011 mvua ilikatika, na mwezi wa Oktoba ikatangazwa hali ya dharura. Maji ya kunywa yakaletwa kwa meli. Siku moja fanya zoezi hili nyumbani: pima maji yote ya kunywa, kupikia na kuoga ambayo familia yako inatumia, kisha jiulize paa lako lingeyapata yote kwa mvua ya mwezi mmoja? Anayeishi Pemba vijijini au Lamu hatahitaji kubembelezwa, mambo hayo anayajua.

Chakula ni rahisi kwa msomaji wa pwani, karibu kila jina tunalo. Wana nazi, shelisheli, majimbi yanayopandwa kwenye mashimo yaliyochimbwa, na mkadi, ila mkadi wao wanakula matunda na kusukia mikeka kwa majani yake, ilhali sisi tunautafuta ua lake kwa harufu. Mnazi wanaugema kama sisi, na utomvu wake wakiuchemsha wanapata asali nzito kama asali yetu ya tembo. Madaktari waliowachunguza katika nusu ya pili ya karne iliyopita walikuta kwamba zaidi ya nusu ya nguvu waliyoipata kwenye chakula ilitoka kwenye nazi. Waonyeshe watoto dafu, koroma na nazi, kisha waambie hii ndiyo bustani, kisima na duka la kale la Tokelau.

Swali la pili ni chombo. Tokelau haina uwanja wa ndege. Anayekwenda hupitia Apia, mji mkuu wa Samoa, umbali wa kama kilomita 500 kusini, na hupanda meli inayosafiri usiku na mchana, mara nyingi zaidi ya saa 24. Ikifika haina bandari ya kuingia. Husimama nje ya mwamba kwenye maji yenye kina, na tishari la alumini hutoka ufukweni kupitia mlango uliopasuliwa kwenye matumbawe, likabeba abiria, magunia ya mchele, mafuta na wagonjwa wanaorudi kutoka hospitali. Kati ya Atafu na Fakaofo yenyewe kuna zaidi ya kilomita 150 za bahari. Anayetaka kwenda lazima apate kibali, na wazee wa atoli husika ndio wenye neno. Nayaeleza haya kwa urefu kwa sababu moja: neno "mbali" halimaanishi kitu mpaka ujue ni nani anayembeba mama mjamzito kutoka ufukweni mpaka kwenye meli, na bahari ikichafuka inakuwaje.

Sasa tumefika kwenye samaki, na hapa napenda kukaa. Chombo cha jadi kinaitwa vaka, mtumbwi wenye tengo upande mmoja. Ngalawa yetu ina matengo pande mbili. Wakitoka kwa uvuvi wa kijiji kizima, wakarudi na jodari, samaki hawaendi nyumbani kwa mvuvi. Hulazwa ufukweni na kugawanywa kwa desturi iitwayo inati. Fungu la kila nyumba hupimwa kwa idadi ya watu waliomo ndani yake: mtoto mchanga anahesabiwa, bibi asiyeweza kutembea anahesabiwa, na nyumba isiyo na mwanamume wa kwenda baharini inapata sawa na nyumba ya nahodha. Kuna viumbe ambavyo kwa desturi lazima vigawanywe hata kama mtu mmoja ndiye aliyevipata, kasa na nduaro wakiwemo. Nyumbani nako kuna mgawanyo wa pili. Katika ukoo, mwanamke mkubwa aitwaye fatupaepae ndiye mwenye mamlaka ya kugawa kilicholetwa. Wanaume wanatoka, yeye amekaa, na kinachoingia kinapita mikononi mwake.

Usilieleze jambo hili kwa maneno tu. Kata samaki 30 wa karatasi. Andika nyumba sita kwenye vipande vya karatasi: moja ina watu tisa, moja ina mjane na wajukuu wawili, moja ina kijana aliyeoa juzi, moja ina wazee wawili, moja ina mvuvi hodari na wanawe watatu, moja ina mgeni aliyefika na meli ya jana. Waache watoto wagawe kwanza wanavyoona wao. Watabishana, na mara nyingi mvuvi hodari atapewa fungu nono. Kisha wafundishe inati na wagawe upya. Hapo watakuuliza maswali ambayo hukuyatarajia: aliyekwenda shule Samoa anahesabiwa? Mvivu je? Waache wajadili. Nimewahi kuona darasa la watoto 40 likinyamaza wakati mtoto mmoja alipouliza kwa nini ufukweni kwetu samaki wakishuka tu wanapigwa mnada. Sikumjibu siku ile. Nilimwambia akamuulize babu yake kama ilikuwa hivyo tangu zamani.

Sehemu inayofuata ina uzito, na naomba usiiruke kwa kuwaonea watoto huruma. Mwanzoni mwa mwaka 1863 meli kutoka Peru zilifika Tokelau kutafuta watu wa kwenda kufanya kazi. Zilichukua watu wapatao 250 kwa hila na kwa nguvu, karibu nusu ya watu wote wa atoli hizi, na wengi wao wanaume wenye nguvu, wale wale waliokuwa wakienda baharini. Maradhi yaliyoambatana na meli hizo yaliua wengine waliobaki. Waliochukuliwa, karibu hakuna aliyeiona tena nyumba yake.

Rudisha kidole Kilwa. Katika miaka hiyo hiyo ya 1860, Kilwa Kivinje ilikuwa miongoni mwa bandari kubwa za kusafirishia watumwa katika pwani hii. Misafara ilishuka kutoka upande wa Ziwa Nyasa, watu wakapakiwa majahazini kuelekea Unguja na kwingineko. Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa mwaka 1873. Latitudo moja, muongo mmoja, bahari mbili. Hesabu za pwani yetu zilikuwa kubwa mara nyingi zaidi, lakini mimi siyapimi haya kwenye mizani. Ninachofanya ni hiki: naweka maharage 50 mezani, naondoa 23, moja moja, bila kusema neno. Kisha nawauliza watoto waliozunguka meza: kesho nani ataingia kwenye vaka? Nani anajua samaki wanapita wapi mwezi ukiwa mpevu? Kwa njia hii mtoto anaelewa kwamba pamoja na watu, maarifa nayo yalitoweka, na kwamba kijiji kilichoendelea kugawana samaki baada ya hapo kilifanya jambo kubwa.

Utawala upite haraka kidogo. Waingereza walivifanya visiwa hivi himaya yao mwaka 1889, vikakabidhiwa New Zealand mwaka 1926, na tangu tarehe 1 Januari 1949 ni sehemu ya New Zealand, na watu wake ni raia wa huko. Kisiwa cha nne cha undugu wa visiwa hivi, Olohega, kilibaki mikononi mwa Marekani kwa mkataba uliotiwa saini mwaka 1980. Kila atoli ina baraza lake la wazee, Taupulega, na kiongozi wake, faipule. Mafaipule watatu hupokezana kuwa mkuu wa serikali, kila mmoja mwaka mmoja, na makao ya serikali yanamfuata. Ndiyo maana mji mkuu haupo.

Lakini kura ya maoni isikupite. Mwaka 2006 watu waliulizwa kama wanataka kujitawala kwa ushirikiano na New Zealand. Ilitakiwa theluthi mbili waseme ndiyo. Ilipatikana asilimia 60. Oktoba 2007 wakaulizwa tena. Kati ya kura 692, 446 zilisema ndiyo. Zilipungua 16. Andika hesabu hiyo ubaoni na watoto waitafute theluthi mbili wenyewe. Kisha wajadili sababu za pande zote: mzee anayetaka jina la nchi yake lisimame peke yake, na bibi anayeogopa kwamba wajukuu walio Wellington watakuwa wageni kwake. Hofu zote mbili zina msingi, na si kazi yetu kuwachagulia.

Wajukuu hao wanaifanya ramani yako isikamilike. Kwenye visiwa vyenyewe wanaishi kama watu 1,500. New Zealand wako zaidi ya 8,000, wengi wao Porirua na bonde la Hutt karibu na Wellington. Uhamiaji ulipamba moto kwa mpango wa serikali baada ya kimbunga cha mwaka 1966. Kwa hiyo chora mshale kutoka kila nukta kwenda kusini, na uandike hapo pia "Tokelau". Msomaji mwenye ndugu Muscat, London au Toronto anaelewa kwamba kijiji kinaweza kuwa na sehemu mbili, moja inatuma pesa na nyingine inatuma mikeka na samaki mkavu. Anajua pia kwamba harusi inasubiri meli au ndege.

Hapa nitasema jambo linaloniuma. Habari nyingi utakazozikuta kuhusu visiwa hivi zinavitaja pale tu bahari inapopanda, kana kwamba wakazi wake wamekaa wakisubiri kuzama. Hatari ipo na ni ya kweli, kwa nchi ya mita 5 haiwezi kuwa vinginevyo. Lakini watu hao hao, mwaka 2012, walifunga paneli za jua zaidi ya 4,000 kwenye atoli tatu na kuacha kutegemea dizeli kwa karibu umeme wao wote. Ukifundisha bahari kupanda, fundisha na paneli.

Lugha niliiacha mwisho kwa makusudi, kwa sababu kwa Mswahili ni zawadi. Kila silabi inaishia kwa irabu, na irabu ni zile zile tano. Herufi g isome kama ng' ya ng'ombe: gagana, yaani lugha, itamke ng'ang'ana. Asante ni fakafetai. Kisha fanya zoezi hili. Andika namba zao, mbili hadi tisa: lua, tolu, fa, lima, ono, fitu, valu, iva. Pembeni andika za Kimalagasi: roa, telo, efatra, dimy, enina, fito, valo, sivy. Nazi yao ni niu, ya Kimalagasi ni voanio. Moto ni afi na afo. Kasa ni fonu na fano. Hakuna aliyeazima kwa mwenzake. Lugha hizi ni ndugu wa ukoo mmoja ulioenea kutoka kusini-mashariki ya Asia, tawi moja likaelekea magharibi mpaka Madagaska, jingine mashariki mpaka Polinesia. Wachunguzi wengi wa vyombo wanaona kwamba tengo la ngalawa yetu nalo liliingia pwani hii na mabaharia wa ukoo huo. Kwa hiyo ukimwona mvuvi wa Songo Mnara, karibu kabisa na Kilwa, akitia tengo majini, unaona kitu ambacho mvuvi wa Fakaofo angekitambua mara moja. Watoto waliotazama filamu ya Moana ya mwaka 2016 wameshaisikia lugha hii bila kujua: Opetaia Foa'i, ambaye baba yake alitoka Tokelau, alishiriki kutunga nyimbo zake. Na mkubwa anayetaka kusoma zaidi atafute Matagi Tokelau, kitabu cha historia na mila kilichoandaliwa na Watokelau wenyewe na kutoka kwa Kiingereza mwaka 1991. Kisome kabla ya vitabu vya wageni.

Jambo la mwisho la kufanya ni kutundika saa ya pili ukutani. Tokelau iko mbele yetu kwa saa 10. Haikuwa hivyo zamani: ilikuwa upande wa jana, mpaka mwishoni mwa mwaka 2011 ilipoamua kuhamia upande wa leo pamoja na Samoa, na tarehe 30 Desemba ya mwaka huo haikuwahi kuwapo huko. Irekebishe saa hiyo na uandike chini yake "Nukunonu". Jioni muadhini wa Kilwa akiadhini magharibi, saa kumi na mbili na nusu, iangalie: huko ni saa kumi na nusu alfajiri ya kesho, na anayekwenda kuvua ameshaamka.